Kwaya ya Parokia Wakati wa Majilio
Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli katika Kanisa Katoliki, huanza kati ya Novemba 27 na Desemba 3 na huwa na Dominika nne. Katika parokia za Tanzania, sehemu kubwa ya maandalizi hayo hubebwa na wanakwaya, wengi wao bila malipo. Hufika mazoezini jioni wakitoka kazini au sokoni, wengine na watoto mgongoni. Mwalimu huanza na besi peke yao, kwa sol-fa, mstari mmoja ukirudiwa mpaka ukae. Soprano, alto na teno husubiri zamu. Kusubiri huko, kwa kweli, ni nusu ya kazi.

Lililo gumu zaidi ni wimbo wa Utukufu (Gloria). Hauimbwi Dominika za Majilio, ila lazima ufanyiwe mazoezi wiki hizohizo, ili uwe tayari kwa mkesha wa Noeli.

Usiku wa Noeli waumini huketi na familia zao. Mwanakwaya husimama na wenzake, na asubuhi hurudi kuimba tena. Atakayekutana naye mlangoni baada ya Misa amwambie ahsante.