Ufundi wa Kutotoka Jasho

Kwenye barafu ya ncha za dunia, jasho linaua. Mtu anaburuta sleji iliyobeba hema, jiko, mafuta na chakula cha miezi miwili. Akikaza mwendo mwili unachemka, nguo za ndani zinalowa, na akisimama dakika chache kuvuta pumzi, unyevu ule unageuka barafu mgongoni. Ndiyo maana mabingwa wa safari hizi huvaa nguo chache kuliko unavyodhani, na hutembea kwa mwendo ambao ungemuudhi kijana mwenye damu moto. Wanaanza siku wakihisi baridi kidogo. Wanafungua zipu kabla joto halijapanda, wanajitupia koti nene mara tu wanaposimama, wanatafuna kipande cha chokoleti, wanaendelea. Mchezo wenyewe ndio huo, na watu wazima wanauweza.

Ncha ya Kaskazini hakuna nchi kavu. Unakanyaga bahari iliyoganda, na bahari hiyo haitulii. Unalala umejisogeza kilomita 10, unaamka ukute upepo na mkondo vimeisukuma barafu yote, wewe na hema lako juu yake, kurudi mlikotoka. Hakuna wa kumlalamikia. Unakunja hema, unaanza upya. Mbele kuna barafu changa, nyeusi, iliyojifunga jana tu juu ya ufa wa maji. Unaichoma kwa fimbo ya skii. Ikitoboka kwa pigo moja hupiti hapo, unauzunguka ufa hata ikikugharimu nusu siku. Jioni unatafuta barafu ya kuyeyusha upate chai. Ile changa ina chumvi. Iliyokaa miaka kadhaa chumvi yake imeshachujika, na mzoefu huitambua kwa ubluu wake na kwa mgongo uliolainika.

Utu uzima dawa, lakini sisemi haya kuwafariji wazee. Mwaka 1988 Helen Thayer, mzaliwa wa New Zealand, alitembea peke yake hadi ncha ya sumaku ya kaskazini huko Kanada akiwa na miaka 50, bila kuletewa chakula njiani. Mwenzake alikuwa mbwa aitwaye Charlie, wa kumkinga na dubu weupe, na dubu kweli walikuja. Mwaka 2019 Børge Ousland wa Norway, miaka 57, na Mike Horn, mzaliwa wa Afrika Kusini, miaka 53, walivuka Bahari ya Aktiki kwa skii kwa siku 87, sehemu kubwa wakiwa katika giza la majira ya baridi. Chakula kilikaribia kuwaishia, ikabidi Wanorwe wengine wawili waje kuwapokea juu ya barafu. Hata hao mabingwa!

Uzoefu nao una mtego wake. Henry Worsley, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, alikuwa ameshafika Ncha ya Kusini mara mbili kwa miguu alipoanza kuvuka Antaktika peke yake mwishoni mwa 2015. Alikuwa na miaka 55. Alitembea siku 71, akabakiza kama kilomita 48 tu, ndipo akaita ndege. Alifia hospitalini Punta Arenas, Chile, Januari 2016, kwa maambukizi ya tumboni. Kinachoniuma ni kwamba shujaa wake maisha yote alikuwa Ernest Shackleton, yule aliyegeuka mwaka 1909 akiwa kama kilomita 180 kutoka Ncha ya Kusini, akawarudisha wenzake watatu wakiwa hai. Kwangu mimi, katika kazi hii yote hakuna kilicho kigumu kuliko kugeuka kule. Kuburuta sleji, mtu yeyote mwenye mgongo imara atafundishika.

Nampenda zaidi Barbara Hillary wa New York, muuguzi mstaafu aliyepona saratani ya mapafu na kubaki na pafu lililopunguzwa. Alijifunza skii akiwa bibi wa miaka 70 na kitu, akabisha hodi kwa wafadhili kutafuta nauli, maana safari hizi ni ghali mno. Aprili 2007, akiwa na miaka 75, alifika Ncha ya Kaskazini, mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko. Ni kweli alipelekwa karibu kwa ndege, akamalizia kwa skii. Wababe wa siku 87 wanaweza kumcheka wakitaka. Mwaka 2011, akiwa na miaka 79, akafika na Ncha ya Kusini.

Basi ukisikia mzee wako anajiandaa kwa safari ya namna hii, usianze kumhesabia umri. Muulize kama anaweza kusimamisha hema akiwa amevaa glavu, upepo ukivuma, na muulize ni dalili gani ikijitokeza ataita ndege. Akikujibu vizuri la pili, mwache aende.