Dakika tatu za Siti binti Saad

Harusini Konde, kisiwani Pemba, urefu wa wimbo wa taarab huamuliwa na watuzaji. Wakizidi kuinuka, mwimbaji huurudia ubeti na fidla huendelea kunogesha. Mwaka 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walipokwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya Kiingereza ya His Master's Voice, mwamuzi alikuwa mashine. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, izungukayo mara 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu tu.

Kukata na kuunga hakukuwapo. Maikrofoni ilipokea sauti, sindano ikaichora papo hapo kwenye nta. Mpiga udi akikosea, wote huanza upya. Uwiano wa sauti nao ulitegemea nani amekaa karibu na maikrofoni na nani kasogea nyuma. Kwa kazi hiyo kundi dogo lilifaa: udi, fidla, ngoma za mkono, waitikiaji wachache. Kurekodi kwa umeme kulikoanza 1925 kuliwafaa pia, maana zamani mwimbaji alilazimika kupaza sauti ndani ya pembe. Sasa hata mtetemo mdogo wa koo ulinaswa.

Kilichobanwa ni utangulizi wa ala na marudio. Ubeti ulibaki, nao umbo lake lilifaa muda huo mfupi: mshororo wa vipande viwili, mizani nane kila kimoja, vina vya kati na vya mwisho vikimsaidia msikilizaji kuukariri upesi. Marudio yalihamia kwa mwenye gramafoni. Aliipiga funguo kwa mkono, bila haja ya umeme, akairudisha sindano mwanzo kila alipotaka.

Lugha ndiyo iliyookoa muda zaidi. Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, kwa watu waliokwisha kuyajua mambo ya mjini. Sikiliza "Kijiti", wimbo juu ya mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na mashahidi wa kike wakaishia kuadhibiwa. Hauhitaji kueleza kila kitu. Unataja jina, unagusa tukio, kisha unakwenda moja kwa moja kwenye uchungu wa hukumu. Nusu ya habari ilikuwa tayari vichwani mwa wasikilizaji, ndiyo maana dakika tatu zilitosha.