Kutangulia bila Kuacha

Mtu anayeteremka mlima wa theluji kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Neno "kushoto", hata likitamkwa mbiombio, linakula kama nusu sekunde. Sasa piga hesabu: msemaji akilianza neno pale kona inapoanza, msikilizaji atakuwa ameshaipita kona kwa mita 14 kabla halijaisha, na huko mita 14 mbele huenda hakuna njia tena, kuna wavu tu. Kwa hiyo neno lazima litangulie jambo. Katika hesabu hiyo ndogo umo ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa waongozaji wa wanariadha wasioona na wenye uoni hafifu katika mbio za skii za milimani.

Mbio hizi zina umri. Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976. Tangu mwaka 2006 washindani hugawanywa katika makundi matatu: wanaosimama, wanaoshindana wameketi, na wenye ulemavu wa macho. Kwa kuwa ndani ya kundi moja ulemavu hutofautiana, muda wa kila mmoja huzidishwa kwa kipimo chake, na asiyeona kabisa huvaa miwani iliyozibwa ili asimzidi mwenzake hata kwa chembe ya mwanga. Mwongozaji hutangulia akiwa na skii zake mwenyewe, akipita katika malango yaleyale. Wote wawili wana redio ndogo ndani ya helmeti. Kushikana hakuruhusiwi, wala hakuna kamba.

Hilo la kamba lina uzito kwetu, maana Afrika Mashariki inawajua waongozaji kwa sura nyingine. Huko Sydney mwaka 2000, Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alikimbia mita 5,000 akiwa na mwongozaji ambaye alikuwa ametoka kuugua. Karibu na mwisho mwongozaji akaishiwa nguvu, na ikabidi Wanyoike ndiye amkokote mwenzake hadi kwenye mstari. Walivuka, na dhahabu ikawa yao. Uwanjani basi kamba huuweka mkono karibu na mkono, na mmoja akilegea mwingine anaweza kumvuta. Kwenye theluji mwongozaji yuko mita kadhaa mbele, upepo unavuma masikioni, barafu inakwaruzwa chini ya skii, na kinachowaunganisha ni sauti peke yake. Sauti ikikatika, ikichelewa, au ikisema neno moja la ziada, wawili hao wameshaachana.

Mfano wa nyumbani ulio karibu zaidi ni utingo anayemrudisha nyuma dereva wa lori kwenye uchochoro: "Njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, njoo... basi!" Sikiliza vizuri na utagundua kwamba dereva hafuati maneno tu. "Njoo" ya kuvuta humwambia kuna nafasi. "Njoo" iliyokatwa humwambia ukuta umekaribia. Ndivyo wanavyosema waongozaji wa skii. Kona ndefu hutamkwa kwa sauti ndefu, kona kali kwa sauti ya kukata. Mteremko ukibadilika ghafla, ukiwa na tuta au kipande cha barafu, habari hiyo inapaswa kupenyezwa katikati ya amri mbili bila kuvuruga mwendo. Ila utingo amesimama pembeni ya lori. Mwongozaji yeye ndiye aliye mbele ya lori, naye anakimbia, na mara kwa mara hugeuza shingo kutazama nyuma kama nafasi baina yao bado ni ileile.

Nafasi hiyo ndiyo roho ya kazi. Akienda mbele mno, mwenye uoni hafifu hupoteza hata kile kivuli cha nguo angavu alichokuwa akikifuata, na kanuni zenyewe zinakataza kumwacha mshindani mbali. Akibaki karibu mno, anamzibia njia na kumlazimisha afunge breki. Kwa hiyo huyu ni mwanaskii hodari ambaye kasi yake haimilikiwi naye. Anaweza kwenda haraka zaidi na hapaswi. Pengine siku hiyo mwenzake yuko moto na anadai zaidi, hapo naye lazima aipate kasi ambayo hakuipanga. Na saa, kumbukeni, haimtambui. Yeye ndiye wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho, lakini muda unaohesabika ni wa yule wa pili.

Watangazaji wa televisheni wanapenda kusema kwamba mwongozaji ni "macho" ya mshindani. Ni sifa ya haraka haraka, nami siipendi. Macho huona kila kitu na hayachagui. Mwongozaji huona mlima mzima, kisha katika hayo yote huchagua neno moja ambalo mtu mwingine atalihitaji sekunde moja ijayo. Huo ni ufundi wa msemaji, tena msemaji mwenye kunyima.

Ufundi wa kusikiliza nao una bei yake. Mshindani si mzigo unaosafirishwa. Redio ni ya pande mbili: yeye naye huagiza, ongeza, punguza, nimekupoteza. Katika mbio za supa-G hakuna teremko la mazoezi kwenye njia ya mashindano; asubuhi wanaruhusiwa kuikagua tu, wakishuka polepole lango kwa lango, mwongozaji akieleza na mshindani akiukariri mlima kichwani na miguuni. Wakati wa mbio, basi, sauti humkumbusha alichokwisha kukihifadhi. Menna Fitzpatrick wa Uingereza, mwenye uoni wa takribani asilimia 5, aliteremka PyeongChang mwaka 2018 nyuma ya Jen Kehoe, ofisa wa jeshi, na wakatwaa dhahabu ya slalomu, mchezo wa kona fupi zinazofuatana bila huruma. Waliomaliza nyuma yao walikuwa Henrieta Farkašová na Natália Šubrtová wa Slovakia, ambao katika michezo hiyohiyo walikuwa wameshakusanya dhahabu nne. Kuwashinda watu wa namna hiyo kwa kubahatisha haiwezekani.

Inashangaza kwamba timu ya taifa ya Uingereza, nchi isiyo na milima ya kimo cha Alps, imejijengea jina katika kundi hili hasa. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Uingereza katika Paralimpiki za majira ya baridi ililetwa Sochi mwaka 2014 na Kelly Gallagher akiongozwa na Charlotte Evans. Siku chache kabla walikuwa wamemaliza wa mwisho katika mbio za mteremko mrefu. Kisha ikaja supa-G, wakawashinda Warusi kwa sekunde 0.22. Zirejee zile mita 28 za kila sekunde, na utaona kwamba tofauti hiyo haifiki mita saba. Neno moja lililochelewa lingetosha kuifuta. Mwaka 2022 Neil Simpson alishinda supa-G akimfuata ndugu yake Andrew, na hapo mtu anaweza kudhani siri ni damu.

Damu husaidia, ila haitoshi. Millie Knight alianza kwa kumfuata mama yake mlimani, hadi binti akawa na kasi ambayo mama hakuweza tena kuitangulia. Baadaye aliongozwa na Brett Wild, baharia wa nyambizi. Mwaka 2017 Knight alianguka vibaya huko PyeongChang kwa kasi iliyopita kilomita 100 kwa saa. Mwaka mmoja baadaye walirudi kwenye mlima uleule na kuchukua fedha katika mbio za mteremko mrefu. Sijui sana habari za ujasiri, neno linalotumiwa ovyo kwa watu wenye ulemavu. Ninachokiona hapo ni mtu aliyekubali tena kuiamini sauti mahali ambapo mwili wake unakumbuka maumivu, na sauti iliyojua kutokuwa na wasiwasi.

Kwa sababu ya mambo kama hayo nimezoea kuamini kwamba jozi ndiyo kila kitu, miaka ya kula pamoja, kusafiri pamoja, kugombana na kupatana. Halafu ikaja Beijing mwaka 2022. Mwongozaji wa Fitzpatrick, Katie Guest, hakuweza kuanza naye michezo kwa sababu ya korona, na nafasi ikachukuliwa na Gary Smith, aliyewahi kumwongoza Gallagher. Walitoka na fedha ya supa-G na shaba ya mbio za mseto. Mapenzi na mazoea yana sehemu yake, lakini jambo hilo linaonyesha kwamba lugha hii ya mlimani ina sarufi inayofundishika, na kwamba fundi mmoja anaweza kuipokea kazi mahali mwenzake alipoiachia.