Askari Wenye Majina Wasio na Ndimi: Uhakiki wa Mchezo wa XCOM: Enemy Unknown

Mhakiki aliyezoea riwaya, tamthilia na ushairi huenda akauliza mchezo wa kompyuta una haki gani ya kuingia katika kurasa za jarida la lugha. Jibu letu ni fupi. Kazi yoyote yenye wahusika, mgogoro, msuko na lugha ni mali ya mhakiki, hata kama haikupigwa chapa kitabuni. Isitoshe, baadhi ya wanafunzi wetu hukutana na bunilizi za kisayansi katika michezo ya aina hii kabla ya kuzisoma vitabuni. Hatuna budi basi kuipima kazi hiyo kwa mizani ile ile tunayopimia nyingine.

Makala haya yanachunguza XCOM: Enemy Unknown, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Firaxis Games ya Marekani, chini ya uongozi wa mbunifu Jake Solomon. Ni ufufuzi wa mchezo wa mwaka 1994 uliobuniwa Uingereza na Julian Gollop. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya kazi hii imo katika fani yake, yaani katika kanuni za uchezaji. Na kwamba udhaifu wake mkubwa umo katika lugha. Imewapa askari wake majina na nchi, lakini haikuwapa ndimi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka ni 2015. Viumbe wa sayari nyingine wanaivamia dunia, na nchi 16 zinaunda baraza la kugharimia jeshi dogo la siri. Mchezaji ndiye kamanda wa jeshi hilo. Kambini hugawa fedha, huamuru utafiti na kujenga karakana. Vitani huongoza kikosi cha askari wanne, na baadaye sita, wakipokezana zamu na adui. Kwa kawaida askari ana vitendo viwili katika kila zamu: aweza kusogea na kufyatua risasi, kukimbia mbali zaidi, au kutulia akivizia.

Fani

Wajuzi wa bao watatusaidia kuieleza fani hii. Katika bao la Kiswahili kete iliyotekwa haifi. Hupandwa upya katika mashimo ya aliyeiteka, na mchezo ukaendelea. Katika sataranji kipande kilicholiwa huondolewa, lakini mchezo unaofuata huanza na vipande vyote. Katika XCOM askari aliyekufa hafufuki katika vita vinavyofuata. Jina lake huwekwa katika ukumbusho wa wafu kambini, ujuzi wote aliouchuma hupotea naye, na mahali pake hushikwa na kuruta.

Kanuni hii moja ndiyo inayozaa tanzia. Askari huanza akiwa jina tu. Akipanda cheo kwa mara ya kwanza hupewa utaalamu wake. Akiendelea kupanda, mchezaji humchagulia stadi mpya, na hatimaye askari hupata lakabu. Mchezaji aweza pia kumbadili jina, akampa hata la nduguye. Mtunzi hajaandika sentensi moja juu ya maisha ya askari huyu, lakini kufikia vita vya kumi amekuwa mhusika kamili, kwa sababu historia yake imeandikwa na matendo. Katika riwaya, kifo cha mhusika huamuliwa na mwandishi, na msomaji hana lawama. Hapa lawama ni ya mchezaji: alimpeleka hatua moja mbele mno.

Bahati nayo imetumiwa kwa ustadi. Kabla ya kila risasi mchezaji huonyeshwa uwezekano wa kulenga kwa asilimia, kisha huamua. Yafaa kujua kwamba katika ngazi mbili za chini za ugumu, kanuni zilizofichwa humwongezea nafasi anapokosa mfululizo, bila nambari ya kwenye kioo kusema hivyo. Katika ngazi mbili za juu msaada huo haupo. Mbunifu ametambua jambo la kweli juu ya binadamu, kwamba aambiwapo asilimia 85 husikia ahadi, na ile 15 iliyobaki huiona kuwa dhuluma. Kwa hiyo wanagenzi hudekezwa kwa uongo mdogo, na wajuzi huachiwa ukweli mchungu.

Fani hii ina kasoro zake. Maadui hukaa katika makundi wakingoja waonekane, na mara waonekanapo hupewa mwendo wa bure wa kujificha. Matokeo yake mchezaji hujifunza kutambaa hatua kwa hatua na kuvizia kila zamu, hata ushujaa unaosimuliwa ukageuka kuwa woga wa mahesabu. Nyongeza ya mwaka 2013, Enemy Within, ilijaribu kulitibu tatizo hili kwa kuweka uwanjani hazina zinazoharibika baada ya zamu chache, ili mwenda pole apate hasara. Msuko nao ni mwembamba: sababu ya uvamizi hufafanuliwa na kiongozi wa maadui mwishoni kabisa, katika vita vya mwisho, kama mwandishi aliyekumbuka dhamira yake akiwa ukurasa wa mwisho.

Maudhui na mandhari

Dhamira nzito kuliko zote ni ile ya uchaguzi mbaya. Mara kwa mara miji mitatu hulia kwa wakati mmoja, na kikosi cha kutumwa ni kimoja. Hofu hupanda katika nchi zilizoachwa. Ikifika kilele, nchi yaweza kujitoa katika baraza mwisho wa mwezi. Zikijitoa nane, mchezo umeshindwa. Bila hotuba yoyote mchezaji hujifunza jinsi mwenye mamlaka anavyoanza kuhesabu michango mahali pa watu.

Afrika imewakilishwa na Misri, Nigeria na Afrika Kusini. Anayeweka kambi yake barani Ulaya hupata maabara na karakana kwa nusu ya gharama. Anayeiweka Afrika huongezewa fedha za kila mwezi kwa asilimia 30. Hatudai kwamba dharau ilikusudiwa, na tuzo la Afrika ni la manufaa sana kwa mchezaji. Hata hivyo mgawanyo wenyewe, Ulaya kuwa chemchemi ya utaalamu na Afrika kuwa chemchemi ya mali, si mgeni kwetu. Mandhari hayasaidii: vita vya Nigeria hupiganwa katika mitaa iliyochorwa kwa mfano wa mji wa Marekani.

Lugha

Hapa ndipo kazi inapojikwaa. Katika toleo la Kiingereza la mwaka 2012, Dakta Vahlen, mkuu wa utafiti, huzungumza kwa lafudhi ya Kijerumani. Askari, ambao kila mmoja ana bendera ya nchi yake mgongoni, wote huzungumza Kiingereza cha Marekani. Mnigeria, Mmisri na Mjapani huumia, hushangilia na kufa kwa sauti moja. Enemy Within iliruhusu askari kupewa sauti za lugha nyingine, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani na Kirusi. Lugha ya Kiafrika haikuwemo.

Huenda ikasemwa kwamba kurekodi sauti ni gharama. Ni kweli, lakini maneno ya askari ni machache: kuitikia amri, kutangaza adui, kulia kwa maumivu. Kasoro hii ni kubwa kwa sababu inaikata fani pale penye nguvu zake. Kanuni za mchezo zinatutaka tumlilie mtu huyu na si mwingine. Sauti yake inatwambia kwamba yeyote angetosha. Aliyempa askari jina la nduguye humsikia mgeni akijibu.

Tunahitimisha kwamba XCOM ni kazi ya mbunifu hodari, na watunzi wetu wana la kujifunza kwake: kanuni iliyofikiriwa vema huweza kubeba dhamira bila mahubiri. Lakini jina ni nusu ya mtu. Mtunzi wa Kiafrika atakayeunda mchezo wa namna hii asingoje nyongeza ya baadaye ndipo awape wahusika wake ndimi; aanze nazo.