Pongezi kwa Wapima Udongo
Mafundi wanaopima uimara wa udongo kabla ya ujenzi wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwa kuwa tunda la kazi yao halionekani: ni ufa ambao haukutokea. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, tena na tena, huku fundi akihesabu mapigo yanayozamisha bomba sentimita 45 chini ya shimo. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayaingii katika jibu, maana uchimbaji umekwisha kuuvuruga udongo huo. Thamani yote imo katika kuhesabu bila kukisia, juani, shimo baada ya shimo.

Wapo wasemao ni gharama ya bure, mbona nyumba ya jirani imesimama? Lakini udongo hubadilika hata ndani ya kiwanja kimoja, na jirani hakujenga ghorofa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipimo chenyewe ni butu. Kweli, idadi ya mapigo peke yake haifichui jinsi udongo mweusi wa Nairobi unavyovimba masika na kunywea kiangazi. Ila bomba lilelile hupanda na sampuli, nayo maabara huitambua tabia yake. Na msingi uliosanifiwa kwa ushahidi huo mara nyingi huokoa zege na nondo ambazo woga ungezifukia ardhini.