Pua Ikiinuka

"Mama, sogea mbele kidogo. Na huo mfuko wa ndagala uletwe hapa katikati."

Kabla boti haijatoka ufukweni Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, nahodha hupanga kwanza watu na mizigo. Motere bado hajaigusa. Utotoni nilidhani mzee yule anatuchelewesha kufika Ubwari. Leo namhesabu kuwa mwalimu wangu wa kwanza wa kuongoza vyombo. Motere imefungwa nyuma, chini, nayo ndiyo usukani. Ukiifungulia gesi, pua inainuka. Pua ikiinuka, maji yanaushika ubao kwa namna nyingine, na motere yenyewe inabadili sauti. Hugusi kimoja ukaviacha vingine vimetulia.

X-43A ya NASA, ndege isiyo na rubani, yenye urefu usiotimia mita 4, iliundwa hivyo hivyo. Injini yake haina feni inayozunguka. Tumbo la mbele ndilo linaloibana hewa kabla haijaingia kukutana na moto. Tumbo la nyuma ndilo linaloipokea hewa hiyo ikitoka na kusukuma. Uondoe mwili, injini hakuna. Pua ikipanda kidogo tu, hewa inayoingia inabadilika na msukumo unabadilika. Na msukumo huo, kwa kuwa unatokea chini, unaielekeza pua upya. Yote haya kwa mwendo unaozidi mara 5 ya ule wa sauti.

Fundi wa chombo kama hiki hukirusha kwanza kwenye karatasi, kwa milinganyo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Akiingiza kila kitu, hesabu haitatuliki. Akiacha kisichostahili kuachwa, chombo kinaanguka. Tarehe 2 Juni 2001, roketi ya Pegasus iliyoibeba X-43A ya kwanza ilishindwa kuongozeka muda mfupi baada ya kuwashwa, ikabidi iharibiwe juu ya Pasifiki. Uchunguzi ulikuta kosa kwenye hesabu zenyewe: ziliupa mfumo wa kuongoza nguvu za akiba usizokuwa nazo.

Mafundi walirudi mezani. Karibu miaka 3 ya kupima tena, kufuta, kuandika upya. Hiyo miaka naipenda kuliko rekodi zilizofuata. Machi 27, 2004, injini iliwaka sekunde kama 10, ndege ya pili ikakaribia mara 7 ya mwendo wa sauti. Novemba 16 mwaka huo huo ndege nyingine ilikaribia mara 10. Kwa mwendo huo, Ziwa Tanganyika lote, kilomita 670 hivi, lingekwisha kabla ya dakika 4.

Mzee wetu aliinama, akatazama maji yalipofika ubavuni. Akamwomba kijana mmoja ahamie upande wa pili. Akatazama tena, kwa muda. Kisha akavuta kamba ya motere.