Mkono na Chombo: Uhakiki wa Ubishi wa Safari

Macalder, katika Nyatike, ni mahali panapomfundisha mtu kuiheshimu barabara. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hulishika gurudumu kama ulimbo. Jua likiwaka, vumbi na changarawe huchukua zamu. Si ajabu basi kuwa vijana wa huko hupenda kubishana juu ya mashindano ya motokaa ya Safari. Kundi moja husema kuwa ushindi ni wa dereva. Jingine husema kuwa ni wa motokaa na matairi yake. Ningaliuacha ubishi huo upite kama mabishano mengine ya barazani, kama nisingalimsikia kijana mmoja akiufunga kwa maneno haya: "Tazameni Naivasha. Wanaoshinda ni wageni. Watu wetu hawajui kuendesha." Wenzake walinyamaza kama watu waliokwisha hukumiwa. Hukumu hiyo ni nzito, na hukumu nzito haifai kukubaliwa bila ya kupimwa.

Tuwasikilize kwanza wanaomtetea dereva. Shahidi wao mkuu ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, na ambaye kabla ya kuwa maarufu alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi. Aliingia mashindano hayo mara 22, akafika mwisho mara 19. Magari yalibadilika, mtu hakubadilika. Watetezi wa dereva huuliza: kama ushindi ni wa chombo, kwa nini ulimfuata mtu huyu kutoka chombo hiki hadi kile?

Wanaoitetea motokaa nao hawakosi hoja. Wahenga walisema kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Katika Safari ya mwaka 1972 na kuendelea, viwanda vya Ulaya na Japani vilizidi kumwaga fedha na mafundi. Mwaka 2022 magari manne ya kwanza yalikuwa yote Toyota. Mwaka 2023 ikawa vivyo hivyo. Je, yawezekana kuwa madereva wanne walio hodari kupita wote walikutana katika kiwanda kimoja kwa bahati tu, na kwa miaka miwili mfululizo? Mwenye akili atasita kusema ndiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huchukua mfano unaowapendeza, wakaufanya ushahidi. Tazama mfano wa Nick Nowicki. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kubwa, na kati ya magari 84 yaliyoanza, 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 mvua ilirudi, wakaanza 93, wakamaliza 7. Mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nowicki. Mtetezi wa dereva atashangilia. Lakini mara zote mbili Nowicki aliendesha Peugeot 404, na gari la namna hiyo hiyo lilishinda mwaka 1966 na 1967 likiwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Sasa mtetezi wa motokaa ndiye atakayeshangilia. Mfano unaozipendeza pande zote mbili haumsaidii mwamuzi. Mtu yuko, chombo kiko, na hatuwezi kuwatenga.

Twahitaji basi mfano ambao kitu kimoja kimebaki vile vile na kingine kimebadilika. Mfano huo tunao katika Safari ya mwaka 1993. Kiwanda cha Subaru kilileta magari madogo yaitwayo Vivio, ambayo injini yake haikufika hata lita moja. Moja alipewa Colin McRae wa Uskoti, kijana aliyesifiwa kwa kasi. Jingine alipewa Patrick Njiru wa Kenya. McRae alianza kwa kasi kubwa, lakini gari lake likaharibika, naye hakufika. Njiru alilipeleka lake hadi mwisho, akawa wa 12 katika wote na wa kwanza katika daraja lake. Chombo kilikuwa kimoja; mkono ndio uliotofautiana. Na tofauti yenyewe haikuwa ya kukanyaga mafuta. Ilikuwa ya kujua gari dogo laweza kustahimili kiasi gani, na njia itadai kiasi gani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini hakimu mwadilifu hafungi kitabu mapema. McRae huyo huyo alishinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, akiwa na magari makubwa yaliyotengenezwa kuhimili kasi yake. Kwa hiyo haifai kusema kuwa hakujua kazi. Yafaa kusema kuwa mkono wake na Vivio havikupatana, na kwamba mkono ule ule, ukipata chombo kinachoulingana, ulileta ushindi. Na mara moja pia si nyingi: anayehukumu kwa safari moja huhukumu nusu ya habari.

Tairi latufundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 magari ya daraja la juu katika mashindano ya dunia yalitumia matairi ya kampuni moja, Pirelli. Hapana aliyeweza kulalamika kuwa mwenzake ana mpira bora. Hata hivyo, mwaka 2022 tairi la Sébastien Ogier lilitoboka, akarudi nyuma, akamaliza wa nne, na mwenzake Kalle Rovanperä, mwenye gari la namna moja naye, akashinda. Je, Ogier alikuwa dereva mbaya? Alikuwa ameshinda mwaka 2021, na alishinda tena mwaka 2023. Jiwe lililofichwa na vumbi halimwulizi mtu cheo chake. Basi kando ya mkono na chombo twapaswa kuiwekea nafasi bahati, tusije tukamlaumu mtu kwa jiwe.

Sasa turudi kwa kijana wa Macalder. Ni kweli kuwa tangu mwaka 2021, Safari iliporudi katika mashindano ya dunia, washindi wa Naivasha wamekuwa wageni. Lakini magari ya daraja la juu hutoka katika viwanda vichache, na madereva wetu aghalabu hushindana katika magari ya daraja la chini. Kumlinganisha mwenye gari hilo na mwenye gari lile, kisha kusema kuwa mmoja hajui kuendesha, ni kupima nafaka kwa vibaba viwili visivyolingana. Walipopata chombo sawa, mambo yalikuwa vingine. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa jina la Kenya, alishinda mwaka 1973, kisha mfululizo toka 1979 hadi 1982, akiwa na magari ya Datsun. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994 kwa Toyota. Mtu aweza kujibu kuwa walisaidiwa na kuijua nchi yao. Naam, lakini kuijua njia nako ni sehemu ya kujua kuendesha.

Msomaji kijana, ubishi huu hauna mshindi kwa sababu swali lake limeulizwa vibaya. Usiulize ni nani mkubwa, dereva au gari. Uliza: vyombo vilikuwa sawa? Njia ilikuwa moja? Yametokea mara ngapi? Utakapokosa majibu, ahirisha hukumu yako. Nawe utayahitaji maswali hayo mbali na Naivasha. Siku moja matokeo ya mtihani yatabandikwa, na mtoto aliyesoma kwa kitabu kimoja kilichoshirikiwa na watano atawekwa katika orodha moja na mwenye vitabu vyote. Orodha itaonyesha nani alitangulia. Haitaonyesha kila mmoja alipewa gari gani.